Kibali cha Ngoma

Mwaka 1929 watu wanne waliokaa barazani Mombasa wakipanga shari hawakuwa mkusanyiko haramu. Wangeweza kushtakiwa kwa mengine, lakini si kwa hilo, kwa sababu sheria iliyotumika pwani ya Kenya wakati huo ilikuwa Kanuni ya Adhabu ya India, na kanuni hiyo ilitaka wafike watano ndipo kundi liitwe haramu. Mwaka uliofuata Kenya, Uganda na Tanganyika zikapata kanuni mpya za adhabu, na watano wakawa watatu.

Hapakuwa na ghasia yoyote iliyosababisha badiliko hilo. Wakubwa wa Wizara ya Makoloni kule London walitaka sheria ya jinai inayofanana katika makoloni yao ya Afrika, na walowezi wa Kenya nao walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kwamba wanahukumiwa kwa sheria iliyotungwa kwa ajili ya Bara Hindi. Basi ikatafutwa kanuni nyingine. Iliyopatikana ilikuwa na asili ya Queensland, Australia, iliyoandikwa na jaji Samuel Griffith na kupitishwa mwaka 1899. Ilikuwa imekwisha kupitia Nigeria kabla ya kufika kwetu. Hivyo mtu wa Pangani au Kisumu aliyepatikana na hatia ya kukusanyika na wenzake wawili kwa nia ya shari aliadhibiwa kwa maneno yaliyotungwa upande wa pili wa dunia, kwa ajili ya wachunga kondoo na wachimba dhahabu.

Vitabu vya sheria, hata hivyo, vinaonyesha nusu tu ya mambo. Mkoloni alipokutana na umati wa watu wa Afrika Mashariki, mara nyingi alikutana nao ukicheza. Hakujua wimbo unamsema nani, na wala hakujua kwa nini watu wa mtaa huu wamevaa nyekundu na wa mtaa ule nyeupe. Kitu alichokifahamu ni saa: kwamba ni usiku, na kwamba kelele hazikomi. Silaha aliyoitumia kuliko zote dhidi ya hali hiyo haikuwa kifungo wala bunduki. Ilikuwa karatasi: kibali.

Tusimpe sifa ya kuivumbua. Miji ya pwani ilikuwa na vibali vyake kabla ya meli ya kwanza ya Kijerumani kutia nanga. Lamu ilikuwa na siwa yake ya shaba na Pate ikawa na yake ya pembe ya ndovu, na hakuna aliyepuliza siwa harusini kwa kuwa tu ana pumzi. Ilitakiwa nasaba inayostahili, na ada ilipwe. Anayetaka kucheza ngoma kubwa alijua ni wazee gani wa kuwaendea kwanza, na fungu lao ni lipi katika kitoweo. Kelele zilikuwa mali, na mali ina wenyewe.

Ndani ya mpaka huo fujo nyingi ziliruhusiwa. Mkomani na Langoni, nusu mbili za mji wa Lamu, zilishindana vizazi na vizazi kwa ngoma, kwa mashairi na kwa karamu, na ushindi ulipimwa kwa kumwacha mwenzako hana jibu na hana ng'ombe. Makunduchi, kusini mwa Unguja, bado kuna siku ya Mwaka Kogwa, ambapo wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa mabua ya migomba na kibanda cha makuti huchomwa moto, huku wanawake wakizunguka kwa nyimbo za kuchamba ambazo siku nyingine zingevunja ndoa. Jioni yote yamekwisha, na kinyongo kimekwisha nayo, au angalau ndivyo inavyotakiwa. Ukiishika ile Kanuni ya India na kuisoma herufi kwa herufi, kifungu cha 159 kinasema watu wawili au zaidi wakipigana hadharani na kuvuruga utulivu wametenda kosa, na kifungu kinachofuata kinaweka kifungo cha hadi mwezi mmoja au faini ya hadi rupia 100. Makunduchi nzima ingeingia rumande.

Kanuni yenyewe iliandikwa na Thomas Macaulay na wenzake katika miaka ya 1830, ikapitishwa 1860 na kuanza kutumika 1862. Kifungu kilichogusa maisha ya pwani kuliko vingine nadhani ni cha 504, kilichomwadhibu anayemtukana mtu makusudi akijua kwamba tusi litamchokoza avunje amani. Adhabu ilifika miaka miwili. Fikiria sheria hiyo katika mji ambao fumbo ni sanaa, na ambao mwanamke aliyeibiwa mume hujibu kwa beti mbele ya mtaa mzima. Hakimu wa Kiingereza alihitaji mkalimani wa lugha kwanza, kisha mkalimani wa pili wa kumweleza kwamba kunguru aliyetajwa kwenye wimbo si kunguru.

Wajerumani upande wa Tanganyika hawakujisumbua na ufafanuzi kama huo. Mwafrika aliyeonekana mkorofi alikabidhiwa kwa kiboko, na kipimo chake, hamsa ishirini, kilibaki midomoni mwa watu muda mrefu baada ya bendera ya Kaiser kushushwa.

Kisa kinachoonyesha vizuri kuliko vyote jinsi ngoma ilivyogeuka kuwa kosa kimetoka nchi ya Wagiriama. Mwaka 1913 serikali ya Kiingereza ilitaka kutoka kwao kodi ya vibanda na vijana wa kwenda kufanya kazi. Ofisa msaidizi aliyepelekwa kuwabana aliitwa Arthur Champion. Aliyesimama mbele yake alikuwa mwanamke mjane, Mekatilili wa Menza, ambaye hakuwa na cheo chochote ambacho Champion angeweza kukiandika katika daftari lake. Mekatilili alichokuwa nacho ni kifudu. Kifudu kwa Wamijikenda ni ngoma ya msiba na ya kuwakumbuka wafu, na ngoma ya msiba haikatazwi kirahisi. Alikwenda nayo kijiji kwa kijiji, watu wakamfuata, na mwisho wa safari hizo ulikuwa Kaya Fungo, ambako wanawake walikula kiapo chao cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi kwamba hawatatoa vijana wala kushirikiana na serikali. Masimulizi ya Wagiriama yanaongeza kwamba alimletea Champion kuku na vifaranga mkutanoni, akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja aone mama yake atafanya nini.

Oktoba 1913 Mekatilili alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwanzoni mwa 1914 walitoroka, wakarudi pwani kwa miguu. Walikamatwa tena. Agosti mwaka huo serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti, na lile lililokuwa kosa la kuvuruga utulivu likawa vita kamili, nyumba zikachomwa na mbuzi wakatwaliwa kwa maelfu. Ukitafuta ni nani hasa aliyevuruga utulivu wa Giriama mwaka huo, jibu linategemea unaanza kuhesabu kwa kiapo au kwa baruti. Mimi ninaanza kwa baruti.

Wakati huohuo katika miji ya pwani kulikuwa na ngoma nyingine iliyowatatiza wakubwa kwa namna tofauti kabisa, kwa sababu iliwaiga. Beni ilizaliwa Lamu na Mombasa miaka ya 1890. Vijana walikuwa wamesikia bendi ya Sultani wa Unguja na wanamuziki wake wa Kigoa, wamesikia tarumbeta za misheni ya Freretown, na wameona gwaride la wanamaji. Wakachukua vyote wakavitia katika ule mchezo wa zamani wa mtaa dhidi ya mtaa. Mombasa kukawa na Kingi na Scotchi. Tanga na Dar es Salaam kukawa na Marini, waliojiona wastaarabu, na Arinoti, waliobeba jina la watu wa chini na kulivaa kwa majivuno. Kila chama kilikuwa na mfalme, majenerali, makapteni, waganga na makarani. Mtu aliyekuwa boi wa ofisa mchana, akipewa amri kwa kidole, Jumamosi jioni alikuwa jenerali mwenye nishani kifuani, na watu walimpigia saluti bila kucheka.

Maofisa hawakujua wacheke au waogope. Beni ilikuwa na nidhamu waliyoidai kila siku kwa watumishi wao, ila amri zake hazikutoka kwao. Askari waliisambaza. Vita Kuu ya Kwanza ilipotawanya majeshi ya Wajerumani na ya King's African Rifles kutoka pwani hadi Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Kongo, beni ilikwenda nayo pamoja na Kiswahili chake cha kambini. Mtu wa Tanga aliyefika mji asioujua aliuliza wako wapi Arinoti, akapata pa kulala, wa kumuuguza akiumwa, na wa kumzika akifa. Baada ya vita Waingereza wakaanza kuandikiana barua za siri: je, huu si mtandao wa uasi wenye matawi nchi nzima? Wengi wa waliochunguza waliona ni burudani na kuzikana tu. Hofu haikuisha kwa hilo. Chama kinachoweza kuzika mtu maili 500 kutoka kwao kinaweza mengine pia.

Mei 1935 hofu hiyo ilipata ushahidi wake. Katika ukanda wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini kodi ya wachimba migodi ilipandishwa, nao wakagoma, kuanzia Mufulira, kisha Nkana, kisha Luanshya. Kule Luanshya tarehe 29 polisi walifyatulia umati risasi, wakaua watu sita. Tume iliyoundwa kuchunguza iliongozwa na Alison Russell, ambaye awali alikuwa Jaji Mkuu wa Tanganyika, na katika ushahidi wake likajitokeza jina ambalo mtu wa Mombasa angelitambua mara moja: Mbeni. Viongozi wa ngoma hiyo walikuwa wamepitisha habari za mgomo. Ilikuwa njia ya asili kabisa. Hapakuwa na chama cha wafanyakazi cha Waafrika migodini, na watu walioweza kuwafikia wachimbaji wa makabila mbalimbali kwa usiku mmoja walikuwa wale waliozoea kuwaita kucheza.

Kenya bara ilikuwa imekwisha kupata tukio linalofanana. Mwishoni mwa 1929, katika ugomvi kati ya wamisheni na Wagikuyu juu ya tohara ya wasichana, ulizuka wimbo wa kuchezwa ulioitwa Muthirigu, wenye beti zisizokwisha za kuwasema wamisheni, maofisa na machifu waliokuwa upande wao. Serikali iliupiga marufuku mwanzoni mwa 1930, mwaka uleule wa kanuni mpya. Lakini wimbo haukamatiki kama mtu. Unaweza kupigwa mluzi.

Kanuni mpya ilikuwa na jambo moja ambalo halikubadilika njiani kutoka Uingereza. Mwaka 1715 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya ghasia: watu 12 au zaidi wakikusanyika kwa fujo, ofisa awasomee tangazo kwa jina la Mfalme, na wasipotawanyika kwa saa moja wanastahili kifo. Idadi ya 12 imo hadi leo katika kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania. Ile saa moja haikusafiri. Huku kwetu, baada ya tangazo, umati hupewa muda unaofaa, na anayeupima muda huo ndiye mwenye bunduki. Kanuni inaendelea kusema kwamba anayetumia nguvu kuwatawanya waliobaki hashtakiwi kwa madhara wala kifo kilichotokea kutokana na nguvu hiyo.

Baada ya Vita ya Pili mkutano wa siasa ulichukua nafasi ya ngoma katika ndoto mbaya za watawala, na kibali kikahamia huko. Kenya ilitunga Sheria ya Utulivu wa Umma mwaka 1950: mkutano wa hadhara bila leseni ni kosa. Tanganyika ilitunga sheria ya vyama mwaka 1954, mwaka wa kuzaliwa chama cha TANU, na kila tawi likatakiwa kuandikishwa. Katika Jimbo la Ziwa TANU ilinyimwa usajili kwa miaka. Mwaka 1957 Julius Nyerere mwenyewe alikatazwa kuhutubia mikutano ya hadhara kwa miezi kadhaa.

Hapo ndipo historia ilipopiga chenga. Watu waliozoea kuomba vibali vya ngoma tangu utotoni walikuwa wanawake wa Dar es Salaam. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma ya bomba. Mwaka 1955 TANU ilipotaka wanawake, hakuanza kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, na kila kiongozi akaja na watu wake. Ndani ya miezi michache walijiunga kwa maelfu, na kwa muda fulani wanawake wenye kadi walikuwa ndio nguvu kubwa ya chama mjini. Vikundi hivyo vilikuwa na wenyeviti, wahazini, utaratibu wa michango, na njia ya kupeleka habari mtaa mzima kabla ya adhuhuri. Polisi wa siri waliohudhuria mikutano ya wanaume kuandika hotuba hawakuangalia jikoni wala uani. Karatasi ya kibali ilisema ngoma, na ngoma ilichezwa kweli.

Ungetegemea basi kwamba serikali huru zingeifuta karatasi hiyo. Hazikuifuta. Tanganyika iliacha Kanuni ya Adhabu mahali pake, ikaongeza maofisa utamaduni. Kenya iliishika Sheria ya 1950 kwa mikono miwili. Julai 1990 wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia waliponyimwa leseni ya mkutano wa Kamukunji uliopangwa kufanyika tarehe 7, waliwekwa kizuizini siku tatu kabla, watu wakaenda hivyohivyo, na siku hiyo ya Saba Saba na zilizofuata watu waliuawa. Hadi 1997 ndipo sheria ilipobadilishwa, leseni ikaondolewa na mahali pake ikawekwa taarifa kwa polisi, isiyopungua siku tatu kabla na isiyozidi 14. Katiba ya 2010 ilikwenda mbali zaidi kwa kutaja waziwazi haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Ofisa wa kituo, ukimpelekea taarifa, bado anaweza kuipokea kama ombi. Mazoea ya miaka 47 hayaondoki kwa tangazo katika gazeti rasmi.

Kuna mstari mwingine wa sheria hizi ambao hauhitaji watu watano wala watatu. Unahitaji mmoja. Uingereza ilitunga sheria ya wazururaji mwaka 1824 baada ya askari wa vita vya Napoleon kurudi wakiwa hawana kazi wala makazi, na lugha yake kuhusu wavivu na wakorofi iliingia moja kwa moja katika vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Tanzania. Mkoloni aliitumia kuwaondoa mjini wale aliowaita wahuni. Mwaka 1944 Tanganyika iliongeza amri ya kuwaondoa watu wasiotakiwa katika miji. Uhuru ulipokuja wahuni waliendelea kupakiwa kwenye malori, sasa kwa jina la kujenga taifa, hasa mwaka 1983 wakati wa kampeni ya Nguvu Kazi. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika na kwamba nchi zina wajibu wa kuzirekebisha. 

Mtaani, hata hivyo, sheria ya utulivu inayojulikana kwa namba yake ni kifungu cha 89 cha Kanuni ya Tanzania, cha lugha ya matusi. Mahakama za mwanzo huisikia mara kwa mara: jirani kamwambia jirani, mke mwenza kamwambia mke mwenza, mbele ya watu, kwa namna inayoweza kuleta uvunjifu wa amani. Kenya, mashtaka ya aina hii huitwa kuzua rabsha, chini ya kifungu cha 95. Yule mkalimani wa pili bado anahitajika. Siku hizi mshtakiwa hudai kwamba aliweka tu taarabu redioni, na kwamba kama wimbo umemgusa mlalamikaji hilo ni la mlalamikaji na nafsi yake.

Kelele nazo zimepata kipimo. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 50 nje ya nyumba za makazi mchana na 35 usiku, na usiku wao unaanza saa mbili na dakika moja. Desibeli 35 ni kidogo kuliko mazungumzo ya kawaida ya wazee wawili kibarazani. Sheria inayovunjwa na kila mtu kila siku humpa ofisa uhuru wa kuchagua amshike nani. Dar es Salaam viongozi wamepiga marufuku vigodoro, ngoma za mtaani za usiku kucha, zaidi ya mara moja, na kila baada ya marufuku shughuli inarudi ikiwa na jina jipya na barua ya serikali ya mtaa.

Na Kilifi, ileile nchi ya Mekatilili, pamoja na Kwale, ugomvi mkubwa wa miaka ya karibuni umekuwa disko matanga: spika kubwa, jenereta, vijana hadi alfajiri, yote kwenye matanga ya mtu aliyezikwa au atakayezikwa kesho. Machifu na makamishna wameipiga marufuku mara nyingi, safari hii wakisukumwa na wazazi na walimu, kwa sababu ya mimba za wanafunzi na visu vinavyotolewa gizani. Wazazi hao hawatumwi na Champion yeyote, na malalamiko yao ni ya kweli. Familia nazo hujibu kwamba disko huchangisha fedha za mazishi, na kwamba kwao kifo hakijawahi kuombolezwa kimyakimya. Chifu husikiliza pande zote mbili. Kisha, akiwa mtu wa busara, huwauliza wafiwa kama wanaweza kuzima saa nne.